Damu ya Mzamiaji

Asubuhi, kabla chai ya ofisini haijachemka, Bi Kamba alimfunga mdogo wake kamba kiunoni. Mafundo mawili nyuma, moja ubavuni, kisha akaivuta kwa nguvu kama anayejaribu kamba ya mbuzi mkorofi. Mdogo mtu alikuwa amevaa aproni ya plastiki na viatu vya mpira vilivyompwaya, na mkononi alikuwa na kapu. Mbele yao ulikuwa mlango mzito wa chuma wa chumba cha mwisho.

"Umekunywa chai?" Bi Kamba aliuliza.

"Nimekunywa."

"Umekunywa au umeiangalia?"

Mdogo wake alicheka, akavuta pumzi ndefu, akaibana, akaingia. Mlango ukafungwa nyuma yake, kamba ikipita kwenye tundu dogo lililosokomezewa matambara.

Ghala lile lilikuwa la kulaza matufaha. Tunda likishachumwa haliachi kupumua; huendelea taratibu, likila sukari yake lenyewe, mpaka linalainika na kuoza. Kwa hiyo juu ya paa kulikuwa na mashine iliyonyonya hewa nzuri kutoka vyumbani na kuacha hewa iliyokonda, na ndani ya hewa hiyo matufaha yalilala fofofo miezi mingi, kisha yakatoka mashavu yamejaa kama yamechumwa jana. Wafanyakazi waliviita vyumba vya usingizi. Kila siku ilibidi mtu aingie achukue matunda machache ya kupima ugumu na utamu. Zamani kulikuwa na kidirisha cha kuyachukulia kwa nje, lakini kilivujisha hewa, kikazibwa kwa gundi. Vinyago vya kupumulia na mitungi yake vilikuwepo. Vilitundikwa ukutani pale mapokezi, vikiwa bado ndani ya nailoni, kwa sababu wakaguzi na wageni walipenda kuviona.

Basi waliingia wanawake wanaoweza kubana pumzi. Waliitwa wazamiaji, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyejua kuogelea. Kila mzamiaji alikuwa na mshika kamba wake nje. Mshika kamba akiivuta mara moja, anauliza, vipi huko? Aliye ndani akiivuta mara moja, anajibu, bado. Akiivuta mara mbili, anataka kutolewa. Bi Kamba alikuwa amezishika kamba za wanawake wengi hata jina alilopewa na wazazi likasahaulika, na mtu ambaye yeye alimshikia kamba miaka yote ya karibuni alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzamiaji.

Mlango ulipofunguliwa, Mzamiaji alitoka na kapu limejaa. Wenzake wakitoka huinama, wakashika magoti na kuhema kama mbwa wa mchana. Yeye alitoka wima, akafuta paji la uso, akauliza kama chai imebaki. Bi Kamba aliliona hilo siku nyingi na hakulisema. Alizungusha kamba mkononi, akaitundika.

Nyumbani walikuwa watatu: Bi Kamba ambaye hakujaliwa mtoto, Mzamiaji ambaye mumewe alishafariki, na Kidoti, binti wa Mzamiaji, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya alama nyeusi juu ya mdomo. Vyumba viwili, ua mdogo, bomba linalotoa maji likijisikia.

Sukari ilianza kupungua nyumba ile bila kelele. Mwanzo ilikuwa chai. Unatia kijiko, unakoroga, unaonja, maji ya moto. Unaongeza kijiko, maji ya moto. Bi Kamba hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Alikwenda dukani akamwambia mwenye duka kwamba akitaka kuuza mchanga aandike nje kwamba anauza mchanga. Mwenye duka alilamba sukari yake mbele ya wateja, akailamba tena, ikawa tamu. Jioni, mtu mwenye heshima zake, akaja nyumbani na pakiti mpya kuthibitisha. Alipokaa kiti cha mbele ya Mzamiaji na kuonja, uso ukamkunjamana. Akatoka uani akaonja, tamu. Akarudi ndani, hamna kitu.

"Si sukari yangu," alisema. "Ni mdogo wako." Akaaga vizuri akaenda zake.

Baada ya hapo mambo yakawa ya kawaida. Sisimizi walihama. Mwoka mikate wa kona alimwomba Mzamiaji apite upande wa pili wa barabara, maana keki zake za asubuhi zilikuwa zinapoteza utamu kila akikatiza. Mzamiaji akakubali, na mwoka mikate, kwa kuona haya, akawa anamtumia mkate wa chumvi bure. Watoto wa jirani walimpa pipi zao azishike, wakazirudisha mdomoni, wakacheka. Hakuna aliyemwita mchawi. Kila nyumba pale mtaani ilikuwa na jambo lake, na jambo la nyumba hii lilikuwa na faida.

Faida yenyewe ilikuwa Kidoti. Binti huyo alikuwa na kisukari tangu anaota meno ya pili, kile cha watoto, ambacho bila sindano kila siku hakina msamaha. Na sindano zilikuwa kwenye jokofu la zahanati, na jokofu la zahanati mara lina dawa, mara lina chupa ya maji ya muuguzi. "Haijaja, mama. Rudini wiki ijayo." Wiki hizo za kurudi Kidoti alilala kitandani akiwa na kiu isiyokatika, pumzi yake ikinuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, na dada wawili walikaa huku na huku wakimpangusa uso. Mara mbili walimbeba wakijua kwamba wanampeleka kufa, akarudi. Bi Kamba alimpenda mtoto huyo kuliko alivyoweza kusema, kwa hiyo alimgombeza kutwa.

Tangu damu ya mama yake ilipopata njaa ya sukari, Kidoti hakulazwa tena. Jioni alijisogeza kwenye kochi bega kwa bega na mama yake, akifanya kazi zake za shule, na kile kipimo cha kuchoma kidole kikitoka na namba nzuri kama za mtu asiyeumwa. Alinenepa. Alianza kujibizana. Akaanza kujiangalia kwenye kioo, jambo ambalo Bi Kamba alilipigia kelele na kulishukuru moyoni.

Habari haikukaa ndani. Dereva mstaafu wa nyumba ya pili alikuja na kigoda chake, akajipima sukari, akakaa karibu na Mzamiaji wakapiga soga mpaka giza likaanza kuingia, akajipima tena, akatabasamu. Kesho yake akaja na fundi viatu. Kisha akaja mwalimu wa hesabu ambaye vidole vyake vya miguu vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Kila jioni ua ukawa na duara la vigoda, na katikati yake Mzamiaji akichambua mboga, akiitikia habari za watu, mara nyingine akisinzia kisu mkononi. Wageni waliposhukuru alisema hakuna neno, yeye amekaa tu.

Lakini alikuwa anakonda. Midomo ilimgeuka rangi, ikawa kama ya mtu aliyekula zambarau. Akipanda ngazi za ghala alisimama katikati akijifanya anafunga kiatu.

Bi Kamba alimpeleka zahanati karibu kwa kumburuta. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye usingizi wa siku nyingi machoni. Alimchoma Mzamiaji kidole, akaitazama damu kwenye darubini, kisha akawaita wote wawili watazame kwa zamu. Bi Kamba aliona visahani vyekundu vingi, vimebonyea katikati, vinasukumana.

"Hizi chembe nyekundu ni wapagazi," daktari alisema. "Kazi yao ni kubeba hewa kuipeleka mwili mzima. Wao wenyewe hawaitumii hata kidogo. Hawana hata mahali pa kuitumia. Wanaishi kwa sukari tu."

"Wanabeba wasichokula," Bi Kamba alisema.

"Ndiyo. Sasa, ndani ya kila chembe kuna vimeng'enya, vile vinavyovunja sukari. Hewa ikiwa ya kutosha, vingi vinakaa vimejishika ukutani, vimetulia. Hewa ikipungua, vinajiachia, vinaanza kula sukari kwa nguvu. Na katika kula huko kunatokea kitu kinachowalegeza mikono hao wapagazi, ili mzigo wauachie upesi kwa wenye shida nao. Yaani kadiri hewa inavyokuwa haba, ndivyo wanavyozidi kuigawa." Akamgeukia Mzamiaji. "Kwa mtu wa kawaida huwa ni kwa kiasi. Kwako wewe wamezoea. Wamejifunza njaa, na sasa wanakula hata sukari isiyo yako. Unafanya kazi wapi?"

Akamwambia. Daktari akaisogeza kando ile darubini. Hakuwa mjinga, alijua ghala, na alijua nani aliyenunua rangi ya kuta za zahanati.

Tunda likinyimwa hewa hulala na sukari yake. Damu ikinyimwa hewa huamka na njaa. Bi Kamba aliliwaza hilo njia nzima bila kupata wa kumlaumu.

"Acha kazi," daktari alikuwa amesema. "Moyo wako unachoka."

"Nikiacha, damu itakuwaje?"

"Itasahau. Chembe moja huishi kama miezi minne. Za zamani zitakufa, mpya zitazaliwa kwenye hewa nzuri, hazitajua kitu."

"Na jokofu lako?"

Daktari alitazama jokofu, kisha akatazama mikono yake.

Njiani kurudi Bi Kamba alimwuliza mdogo wake. "Humo ndani unabana pumzi?"

"Nabana, dada."

"Wenzako wanatoka wanahema. Wewe unatoka unauliza chai."

"Mapafu yangu mazuri."

Bi Kamba alimwangalia usoni, na mdogo wake akaangalia duka la vyombo kama mtu anayetaka kununua sufuria. Alikuwa anapumua humo. Alikuwa anasimama gizani kati ya makreti, akivuta ile hewa kavu isiyo na kitu, makusudi, ili damu isisahau. Bi Kamba alijua, na mdogo wake alijua kwamba anajua. Wakanunua chumvi wakaenda nyumbani.

Kampuni iligundua pale mteja mkubwa aliporudisha lori zima. Meneja alichukua tufaha moja la chumba cha mwisho, lekundu, zuri, akaling'ata mbele ya msimamizi. Lilikuwa kama kutafuna pamba iliyolowa. Wakapima, sukari hakuna. Wakauliza nani huingia chumba hicho, na ilipofika saa ya chakula Mzamiaji aliitwa ofisini. Bi Kamba alimfuata na kusimama mlangoni, kwa sababu wakimfukuza au kumhamishia getini kwenye upepo mwanana, baada ya miezi minne Kidoti atarudi kitandani.

Meneja hakuwa na hasira. Alikuwa amekaa akilizungusha tufaha mezani.

"Kuna watu wangapi mjini humu wasioweza kula tunda tamu?" alimwuliza msimamizi.

"Wengi, bosi."

Karatasi mpya za kubandika zilikuwa tayari upesi, za kijani, zikisema kwamba tunda hili ni rafiki kwa wenye kisukari. Bei yake ilikuwa juu ya matufaha mengine. Mzamiaji akatakiwa asiwe anachota sampuli tena. Akae tu. Wakamwekea kiti cha plastiki katikati ya chumba cha usingizi, cheupe, chenye mikono, na akahamishwa chumba hadi chumba na kiti chake. Bi Kamba alikwenda mapokezi akaomba kinyago kimoja kati ya vile vya ukutani. Msimamizi, kwa upole kabisa, alimweleza kwamba kwa kinyago mdogo wake angepumua hewa nzuri, na kwa hewa nzuri matunda yangebaki na sukari, sasa faida yake ingekuwa nini? Bi Kamba alirudi kwenye kamba yake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya yote, kwamba na yeye hakutaka kinyago kile kifanye kazi.

Dereva mstaafu na wenzake waliyaona matufaha yenye karatasi za kijani sokoni. Hawakuweza kuyanunua. Wakaendelea kuja na vigoda vyao.

Jioni moja walipobaki wawili jikoni, Bi Kamba alimwambia mdogo wake aache.

"Tutauza kochi. Tutakwenda mji mwingine wenye dawa."

"Tutakwenda na nini, dada?"

"Utakufa humo."

Mzamiaji alikuwa anaosha vikombe. Aliosha kimoja mara tatu. "Mimi nimeshamzika mume," alisema. "Mtoto simziki. Wewe nishikie kamba tu." Bi Kamba alitoka uani akalia ameupa mlango mgongo, kisha akarudi akafuta vile vikombe.

Wiki iliyofuata Mzamiaji alikwenda zahanati na Kidoti, bila dada yake. Alimwomba daktari amtoe damu, mfuko mmoja, amtie Kidoti, maana damu zao zilikuwa kundi moja. Daktari alikataa asubuhi, akakataa mchana, na jioni akakubali. Damu ilikuwa nyeusi nyeusi ndani ya mfuko. Kidoti alijilaza kwenye kitanda cha zahanati akiitazama ikishuka kwenye mpira, akauliza kama ataanza na yeye kupenda muziki wa zamani. Mama yake alisema asitarajie miujiza.

"Kwa nini umefanya hivyo?" Bi Kamba alimwuliza baadaye.

"Akiba," mdogo wake alisema, na hakuongeza.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida. Bi Kamba alifunga mafundo mawili nyuma na moja ubavuni, na kiuno alichofunga kilikuwa chembamba hata kamba ikabaki ndefu. Mdogo wake alimwambia kwamba Kidoti amesahau kubeba mkate, ampelekee shuleni mchana. Akaingia, mlango ukafungwa.

Bi Kamba akaivuta kamba mara moja. Jibu likaja, mara moja. Bado.

Akakaa kwenye kreti lililopinduliwa. Msimamizi alipita akisema leo kuna oda kubwa, mama akae zaidi kidogo. Bi Kamba akauliza tena kwa kamba. Bado. Jibu lilikuwa lilelile, tulivu, la mtu asiye na haraka. Wenzake wakaenda kula. Akauliza, akajibiwa. Wenzake wakarudi kutoka kula. Akauliza, akajibiwa, na kidole chake kikahisi kitu asichoweza kukieleza. Jibu lilikuwa linakuja sawasawa mno, kama mapigo. Akapiga mlango kwa ngumi mpaka wakamfungulia.

Mzamiaji alikuwa kitini, mikono juu ya mapaja, kichwa kimeinama kidogo kama alivyokuwa akisinzia uani. Alikuwa wa baridi. Daktari alipofika alisema amefariki tangu asubuhi, yaelekea muda mfupi tu baada ya mlango kufungwa. Bi Kamba alimwambia kwamba amekuwa akimjibu mpaka saa hii. Daktari alishika kile kiuno kilichofungwa, akahisi mpigo chini ya fundo, akatikisa kichwa taratibu.

"Damu yake," alisema. "Chembe zile hazihitaji hewa kufanya kazi. Maadamu sukari ipo, zinaendelea. Na mle ndani sukari ni ghala zima."

Ziliendelea mpaka jua lilipopungua, zikivuta kamba kidogo kidogo, bado, bado, huku marehemu amelazwa juu ya meza ya kuchagulia matunda. Bi Kamba alikaa ameishika ncha ya pili. Hakuuliza tena, lakini aliendelea kujibiwa. Alipojisikia tayari alifungua mafundo mwenyewe.

Msibani kampuni ilileta turubai, viti, na kreti la matufaha yenye karatasi za kijani. Meneja alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa kujitolea. Ilikuwa kweli, na Bi Kamba alimchukia kwa kuisema. Watu wa vigoda walilia kwa sauti, kila mmoja akimlilia yeye na miguu yake mwenyewe, kisha kesho yake walionekana kwenye foleni ya zahanati wakisubiri jokofu. Wakaguzi walikuja pia. Walioneshwa vinyago ukutani. Waliandika kwamba vipo, wakanywa soda.

Ndani ya Kidoti ule mfuko mmoja ulifanya kazi. Haukuwa na nguvu ya mama mtu. Jirani hakufaidika nao, sisimizi walirudi hadi mlangoni wakaishia hapo. Lakini chai ya Kidoti, kwenye kikombe chake mwenyewe, ilikuwa maji ya moto, na kipimo kilitoka na namba za kuvumilika. Alikuwa akiweka kiganja kifuani na kutulia. Bi Kamba alimwona akifanya hivyo akasema, "Unaumwa?" na Kidoti akasema, "Hapana, namsikiliza." Basi jioni walikaa kwenye kochi wote wawili, na Bi Kamba, ambaye maishani mwake hakuwahi kumkumbatia mtu bila sababu, aliegemeza kichwa kwenye kifua cha mtoto wa mdogo wake akafumba macho.

Walikuwa wanajua hesabu ya daktari, hawakuizungumza. Mvua ziliisha. Kidoti alimaliza mitihani. Asubuhi moja alikunywa chai, akaweka kikombe mezani, akakiangalia.

"Mama mkubwa," alisema. "Ina sukari kidogo."

Bi Kamba alichukua kikombe akaonja. Ilikuwa tamu kwa mbali. "Umezidisha kijiko," alisema.

"Sijazidisha."

Siku zilizofuata ikawa tamu zaidi, kisha tamu kabisa, na Kidoti akalia juu ya kikombe kile kilio ambacho hakukilia hata makaburini, kwa sababu safari hii mama yake alikuwa amekwisha kweli. Bi Kamba alimwacha alie, akamshika mgongo. Kiu ilirudi. Pumzi yake ikaanza kunuka tunda. Zahanati wakasema haijaja, rudini wiki ijayo, na daktari alitoka nje kuwaambia mwenyewe, jambo ambalo hakulazimika kulifanya.

Msimamizi alipiga hodi siku ya mapumziko, kavaa vizuri. Akasema kampuni haisahau watu wake. Nafasi ya marehemu iko wazi, na kiti kipo, na wangependa apewe binti yake kabla ya mtu wa nje. Tena, akasema akishusha sauti kama mtu wa nyumbani, kwa hali ya binti, si ajabu hewa ile ikamfaa. Alikuwa anasema hivyo kwa nia njema. Kidoti alikuwa ameshasimama.

"Nitakuja kesho," Kidoti alisema.

"Kaa chini," Bi Kamba alisema. "Moyo wako haujakomaa." Akamgeukia msimamizi. "Mimi ndiye nitakayekaa. Huyu atanishikia kamba."

Msimamizi alimpima kwa macho, mvi, vifundo vya miguu vilivyovimba. Akasema kwamba itachukua muda kwa mtu mzima kama yeye, lakini mradi kuna mtu kitini, yeye hana kipingamizi.

Asubuhi yake walikwenda pamoja. Kidoti alikuwa na midomo mikavu na chupa kubwa ya maji chini ya kwapa. Alifunga kamba vibaya, Bi Kamba akamfundisha, mafundo mawili nyuma, moja ubavuni, akaivuta ajaribu. Msimamizi akafungua mlango, na baridi ikatoka pamoja na harufu ya matunda yaliyolala.

"Ubane pumzi, mama mkubwa," Kidoti alisema.

"Nitabana."

Aliingia, na nyuma yake mlango ukafungwa mpaka mpira wa kingo zake ukanywea. Hakukuwa na taa. Alipapasa kati ya makreti mpaka akakipata kiti, akakaa, akaweka mikono juu ya mapaja. Kisha akafungua mdomo akavuta pumzi, ndefu, mpaka kifua kikajaa ile hewa isiyo na kitu. Akaitoa. Akavuta nyingine.